Nyimbo Ambazo Hazijapendwa Bado

Mjomba wangu ana miaka 72. Kila asubuhi, akishamaliza chai, anapaka mafuta ya nazi kwenye vidole vya mkono wa kushoto, anavikunja na kuvikunjua mpaka vikubali, kisha anachukua gitaa na kukaa barazani. Nyumba yake iko Ngamiani, Tanga, kwenye ile mitaa inayoitwa kwa namba. Wapita njia wanamsalimia, na wa rika lake husimama kidogo. "Mzee mwenzangu, hebu tupigie zilipendwa." Naye huwajibu kwa upole uleule kila siku: "Subiri kwanza, bwana. Kuna mpya naumalizia."

Wanadhani anatania. Hatanii.

Mwenzake ni mwalimu mstaafu mwenye miaka 74. Kila Alhamisi anapanda basi Muheza, gitaa lake limefungwa ndani ya kiroba cha unga kilichofuliwa, anashuka stendi na kuja kwa miguu. Walianza kupiga pamoja mwaka 1974, wakaachana 1984, na sasa, baada ya karibu miaka 40, wamerudi kukaa viti viwili vinavyotazamana. Wanarekodi albamu ya nyimbo 12, zote mpya, na wameshaanza kuizungumzia ya pili. Ninaandika haya kwa sababu jambo hilo limeleta mvutano katika familia yetu. Tuliochanga fedha za studio tumegawanyika. Wengi wanataka wazee warekodi zile za zamani, zile ambazo mama zetu walichezea harusini. "Hizo mpya nani atasikiliza?" aliuliza binamu yangu kwenye kikao, na hakuuliza kwa ubaya. Mimi niko upande wa wazee, na naamini mvutano huu hauko kwetu peke yetu.

Tulitazame hilo neno tunalolipenda: zilipendwa. Kiambishi cha wakati uliopita kimekaa pale mwanzoni na hakitikisiki. Zilipendwa, wakati fulani, na watu fulani, basi. Silichukii. Nimelelewa nalo, na kuna Jumapili jioni nyingi za maisha yangu ambazo bila redio na zilipendwa zisingekuwa na ladha. Ila limetuzoesha vibaya. Mpiga muziki akishavuka miaka 60, tunamhamishia yeye mwenyewe kwenye wakati uliopita. Tunamwita jukwaani aje kuthibitisha kumbukumbu zetu. Alipige lile solo kama lilivyo kwenye santuri, asiongeze wala asipunguze, apigiwe makofi, ashuke.

Seremala wa umri huo tunampelekea mbao mpya. Shehe wa umri huo tunataka darasa lake la wiki hii. Mshairi wa miaka 80 akituma shairi gazetini, hakuna mhariri anayemwandikia kumwomba lile la mwaka 1975. Mpiga gitaa amekosa nini?

Ni vyema nieleze hawa wawili walikuwa nani, kwa sababu hakuna redio itakayowaeleza. Tanga ya ujana wao ilikuwa na muziki kila kona. Kulikuwa na Jamhuri Jazz, bendi ambayo hapo awali ilijulikana kama Young Nyamwezi, jina linalokumbusha watu waliotoka bara kuja kukata mkonge. Kulikuwa na Atomic Jazz. Upande wa taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star. Ndugu wawili wa hapo Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipita Jamhuri Jazz, wakaenda zao Arusha na hatimaye Nairobi, na huko wakaunda Simba Wanyika. Mjomba na Mwalimu hawakuwa katika orodha hiyo. Mjomba alikuwa karani wa reli. Mwenzake alikuwa akifundisha hesabu darasa la tano. Muziki waliupiga jioni na siku za mapumziko, kwa magitaa mawili makavu, yale tuliyoyaita galatoni, kwenye harusi, kwenye sherehe za kumtoa mwari, na mara nyingi barazani bila sherehe yoyote. Nyuzi zikikatika na duka halina, walitumia waya wa breki ya baiskeli.

Kiswahili kina neno zuri kwa watu wa aina hiyo: wa ridhaa. Tunalisikia zaidi kwenye michezo, ndondi za ridhaa, soka la ridhaa, na siku hizi wengi wanalitamka kana kwamba maana yake ni mtu asiyefikia kiwango. Lakini ridhaa ni radhi, ni mtu kukubali kwa moyo wake. Katika miaka hiyo bendi kubwa za Tanzania zilikuwa na waajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walipokea mshahara. Ulikuwa mpango mzuri, umetupa muziki mkubwa, na sina neno nao. Ila mtu wa ridhaa hakuambiwa na mtu apige nini, wala hakuna aliyemlaumu asipopiga. Alipoketi na gitaa, aliketi kwa sababu alitaka.

Gharama ya ridhaa ilikuwa kwamba hakuna aliyekurekodi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodiwa na Redio Tanzania jijini Dar es Salaam, na wimbo ukitakiwa kuwa santuri, kanda ilipelekwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Mjomba anaikumbuka miaka hiyo kwa njia mbili: reli aliyokuwa ameajiriwa nayo iligawanywa vipande vipande, na santuri za Nairobi zikawa adimu madukani. Kama bendi zenye waajiri zilihangaika, wapiga galatoni wawili wa Ngamiani wangeanzia wapi?

Walijirekodi mara moja tu, mwaka 1983, kwa redio kaseti ya kuazima iliyowekwa juu ya stuli, madirisha yamefungwa ili honi za mtaani zisiingie. Nyimbo nane. Mwaka uliofuata Mwalimu akahamishiwa Kigoma. Kaseti ikabaki kwa Mjomba, ikaazimwa, ikaazimwa tena, na iliporudi mtu alikuwa amerekodi juu yake matangazo ya mpira. Niliwahi kuisikiliza nikiwa mtoto. Mwishoni mwa upande wa pili, mpira ulipokwisha, kulikuwa na sekunde chache zilizosalimika: magitaa mawili yanamalizia, mtu anakohoa, kisha kimya. Hizo sekunde nazo zilipotea kaseti ilipoliwa na redio.

Kwa hiyo binamu yangu anaposema warekodi za zamani, namwelewa. Ana uchungu wa ile kaseti. Sote tunao. Lakini huwezi kumwambia mzee wa miaka 72 atumie nguvu alizobaki nazo kujaza shimo la mwaka 1983.

Wamekutana tena kwa sababu ya msiba. Mwalimu alistaafu akiwa Kigoma, akabaki kwa wakwe zake Kasulu, akarudi Muheza miaka mitatu iliyopita. Shangazi, mke wa Mjomba, alipofariki, Mwalimu alikuja akalala matangani siku tatu. Siku ya tatu, watu walipoanza kutawanyika, alimuuliza Mjomba, "Karani, gitaa lako liko wapi?" "Juu ya kabati. Halina nyuzi." Mwalimu hakuongeza neno. Baada ya arobaini akaja na nyuzi sita ndani ya bahasha.

Si wao wa kwanza katika ukanda wetu kurudi wakiwa na mvi, na inafaa kuangalia waliotangulia walipokelewaje. Mwaka 1993, jijini Dar es Salaam, wanamuziki wakongwe waliokusanywa kwa msaada wa shirika la wazee la HelpAge waliunda Shikamoo Jazz. Jina lenyewe lilikuwa salamu. Walipendwa, walisafiri, walirudishiwa heshima waliyostahili. Lakini tulichowaomba zaidi kilikuwa kile cha enzi zao, nao wakatupa. Sijui hata mmoja katika marafiki zangu aliyewahi kujiuliza kama wazee wale walikuwa na wimbo mpya mfukoni.

Abana ba Nasery wa Bunyore, magharibi mwa Kenya, mambo yao yalikwenda vingine. Walikuwa watatu: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, na Enos Okola kwenye chupa ya Fanta, ile yenye mistari mistari, akiikwaruza na kuigonga kwa chuma mpaka inatoa mdundo kamili. Nyimbo zao za miaka ya 1960 zilikusanywa na kutolewa Uingereza mwaka 1989. Mambo yangeweza kuishia hapo: wazee wameenziwa, asanteni. Badala yake waliitwa huko Uingereza, wakaingia studio wakiwa watu wazima na wakatoa albamu ya pili iliyorekodiwa upya mwaka 1992, wanamuziki wa huko wakiwasindikiza. Ninazipenda zote mbili. Kwenye ya kwanza nasikia vijana. Kwenye ya pili nasikia watu ambao wamelima, wamezika, wamesomesha, na bado vidole vinajua njia.

Na Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, je? Tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005, akiwa bibi kizee ambaye hata mwaka wake wa kuzaliwa watu walikuwa wakiukisia. Miaka kadhaa kabla ya kufariki Aprili 2013 aliingia studio na vijana wa Zanzibar, Offside Trick, wakatoa "Ahmada", wimbo uliochezwa kwenye daladala na kwenye harusi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini haimbi za zamani tu. Labda kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Sasa niingie studio yenyewe, maana huko ndiko nilikojifunza mengi.

Ni chumba kimoja Chumbageni, kuta zimebandikwa magodoro, kompyuta mpakato iko juu ya meza ya shule. Prodyuza ana miaka 24. Ni kijana mwenye adabu na sikio zuri. Aliwaamkia, akawapa maji, akawaeleza utaratibu. Utaratibu ndio uleule unaotumika karibu kila studio siku hizi: mnarekodi kwa vipande. Kwanza Mjomba peke yake na ridhimu, hedifoni masikioni, ndani yake kuna kile kidude cha kuhesabia mapigo wanachokiita kliki. Kisha Mwalimu peke yake na solo, akimsikiliza Mjomba aliyekwisha kurekodiwa. Sauti mwisho. Kila kosa linafutwa mahali pake.

Walitii. Mjomba akapiga akiwa ametoa macho, kama mtu anayevuka barabara ya lami kwa mara ya kwanza. Mwalimu akafuata. Kijana akaunganisha, akatuwekea tusikilize. Kila noti ilikuwa mahali pake, na wimbo haukuwepo. Tukakaa kimya. Mwalimu akasema taratibu, "Huyu ninayempigia hanisikii."

Nimelifikiria sana neno lile. Magitaa mawili makavu hugawana sentensi moja. Wa ridhimu anashika besi kwa dole gumba, vidole vingine vinajaza, na wa solo anaingia kwenye mapengo. Lakini mapengo hayo hayako mahali pamoja kila mara. Mwalimu akitaka kwenda kwenye kiitikio anavuta pumzi kwa pua, na Mjomba, bila kuinua kichwa, anachelewesha pigo moja kidogo tu ili amfungulie njia. Wakifika mahali pa kuchezea, mwendo unapanda kiasi cha unywele, na wote wawili wanapanda pamoja. Kliki haijui pumzi. Ukimrekodi mmoja kwanza na mwingine baadaye, yule wa kwanza amempigia mtu ambaye hajafika, na wa pili anamjibu mtu aliyekwisha ondoka.

Kijana yule, na hapa nampa sifa zake zote, hakubisha. Alizima kliki. Akavuta viti viwili katikati ya chumba, vikatazamana, magoti yakakaribia kugusana. Akaweka maiki moja mbele ya kila gitaa na nyingine katikati yao kwa ajili ya sauti, akawaambia: mkikosea mmoja, mnarudia wote. Mjomba akacheka. "Hivyo ndivyo tulivyozoea, mwanangu." Hata bendi za zamani pale Redio Tanzania zilirekodiwa hivyo, kundi zima ndani ya chumba kimoja, maiki chache, wimbo unapigwa mwanzo hadi mwisho. Walirudia mara saba. Ya saba, kuna mahali Mjomba anachelewa na Mwalimu anamngojea kwa noti moja anayoirudia mara tatu. Kosa lile limekuwa sehemu tamu kuliko zote katika wimbo. Kijana aliuliza kama alifute. Wote wawili walikataa kwa pamoja.

Uzee umebadilisha muziki wao, na sioni sababu ya kulificha hilo. Zamani Mjomba alikuwa akifunga penseli kwa kipande cha mpira wa baiskeli kwenye freti ya tatu ya gitaa, ili ufunguo upande na sauti yake nyembamba iruke juu. Sasa penseli imetolewa. Nyimbo zote zimeshuka chini, na nyuzi, zikiwa zimeachiwa urefu wake wote, zinatoa mlio mzito ambao sikuwahi kuusikia kwao. Mwalimu hawezi tena yale mafumbo ya haraka ya solo. Amebakiza noti chache na anazichagua. Sauti yake ina mtetemo. Kijana alipendekeza kuinyoosha kwa programu ya kompyuta. "Mwanangu," Mwalimu alimwambia, "hiyo sauti ndiyo iliyofundisha watoto miaka 38. Iache ilivyo."

Kisha kuna maneno. Mwaka 1976 walikuwa wakiimba barua zisizojibiwa na msichana wa Pangani. Zilikuwa nyimbo nzuri, na kijana yeyote wa miaka 23 angeweza kuzitunga. Nyimbo za sasa asingeweza. Mmoja unahusu benchi la kliniki ya presha, ambapo wazee wanakutana kila mwezi, wanazoeana, na kila mwezi wanahesabu nani hajaja. Mwingine ni wa uhamisho: mwalimu kijana anapewa barua ya kwenda Kigoma, anapanda treni, na kwenye kila stesheni anamwona rafiki yake karani amesimama na bendera.

Na kuna ule wa chumvi. Mjomba aliutunga peke yake. Mwanamume amefiwa na mke, anaingia jikoni kwa mara ya kwanza baada ya watu kutawanyika, anataka kupika uji, na hajui chumvi inawekwa wapi. Anafungua makopo moja baada ya jingine. Katika kila kopo anakuta kitu ambacho mkewe alikihifadhi kwa sababu anayoijua yeye: vifungo, risiti, mbegu za mchicha, jino la mtoto. Wimbo hauna kilio. Unataja makopo tu. Mara mbili za kwanza Mjomba hakufika mwisho wake, na Mwalimu aliendelea kupiga solo peke yake, bila kumtazama, mpaka mwenzake akarudi.

Nilimrekodia binamu yangu wimbo ule kwenye simu nikamtumia. Hakunijibu siku nzima. Jioni akapiga. "Mama yangu naye ana makopo," akasema, kisha akauliza studio inadaiwa kiasi gani.

Kuna jambo moja ambalo nalisisitiza kwa kila familia yenye wazee wa namna hii: andikeni. Mwalimu, kwa tabia yake ya ualimu, ana daftari. Kila wimbo una ukurasa wake: nani alitunga maneno, nani sauti, tarehe, na wote wawili wanatia sahihi chini. Wengine walimwona anazidisha, maana hawa wawili ni marafiki wa miaka 50. Nikawakumbusha "Malaika". Wimbo huo Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M wakauimba, na mpaka leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili William, au Adam Salim, au mwingine kabisa. Wahusika wamekufa na ubishi umebaki. Wajukuu wa Mjomba na wa Mwalimu hawajuani vizuri. Siku moja simu itapigwa kutoka mahali fulani kuulizia wimbo wa chumvi, na ni daftari lile, pamoja na usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, litakalowazuia kugombana. Tumeshaanza kujaza fomu.

Hizo za zamani? Wazee wamekubali kuweka mbili mwishoni mwa albamu ya pili, watakazozichagua wenyewe, na kwa ufunguo wa sasa. Nyingine wamezisahau na hawaoni haya kusema hivyo. Wako radhi.

Nyimbo tisa zimekamilika. Alhamisi iliyopita basi la Muheza lilichelewa, Mjomba akawa barazani anaupitia ule wa kliniki peke yake, akiacha mapengo ya Mwalimu wazi. Muuza mkate alisimama na baiskeli yake. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu mmoja bado uko kwenye pedali, kisha akaiegemeza baiskeli ukutani na kukaa kwenye ngazi.

"Huo wa mwaka gani, mzee?"

"Wa Jumatatu," akasema Mjomba, akaanza tena.